Sauti Inayofika Mara Mbili

Mazungumzo ya leo ni yenu, ninyi wazee mliosogeza redio karibu na sikio ili msikose neno.

Nitaanza na mzee mmoja wa kanisa letu. Sitamtaja jina, maana mwenyewe hapendi kutajwatajwa. Kwa zaidi ya miaka thelathini yeye ndiye aliyekuwa msomaji wetu wa Maandiko. Alisoma polepole, kwa sauti iliyojaa, na hata watoto walitulia. Miaka iliposonga, masikio yake yakaanza kupungua nguvu. Hakuwa kiziwi. Alisikia watu wakizungumza, lakini maneno yalimfikia kama yamefunikwa na blanketi. Kwa hiyo alihamia benchi la kwanza, apate kuona midomo ya mhubiri.

Kamati ya kanisa ilimwonea huruma. Tukafanya harambee, tukanunua mtambo wa kutuma sauti bila waya. Mhubiri akisema, sauti yake inaingia kwenye kipaza sauti, inapita katika mtambo, inarushwa kwa Wi-Fi, na mshiriki anaipokea kwa simu yake. Mzee tulimpa pia vipokea sauti vidogo vya masikioni, vya Bluetooth, visivyo na waya. Tukapiga makofi, tukasema, sasa mzee wetu atasikia.

Jumapili ya pili ilikuwa zamu yake ya kusoma. Alipanda mimbarini akiwa amevaa vile vifaa, akafungua Biblia, akaanza. Mstari wa kwanza haukuisha. Alivuta maneno. Alirudia silabi. Akanyamaza, akameza mate, akaanza tena, na kigugumizi kikamshika kama mtu ambaye ulimi umemzidi uzito. Kanisa zima lilipigwa na hofu. Mkewe alisimama. Wengine wetu tulidhani ni kiharusi. Kijana mmoja akaenda akamshika mkono, akamteremsha, na mtu mwingine akamalizia somo.

Alipopelekwa hospitali hakuonekana na ugonjwa. Hata hivyo, tangu siku ile jina lake liliondolewa katika orodha ya wasomaji. Hakuna aliyemwambia. Aliona mwenyewe kwenye ubao wa matangazo. Akavifungia vile vifaa kabatini, akawa anakuja ibadani na kukaa kimya. Nasi wa kamati tukaudhika. Tukasema, watu wametoa pesa zao, naye hataki kuvaa!

Tena kulikuwa na mama mmoja aliyepewa vifaa vya namna ile ile. Masikio yake ni mazito kuliko ya mzee. Yeye alivisifu kila wiki. Basi tukahukumu hivi: kama mama anasikia, mzee ni mkaidi.

Ndugu zangu, tulikosea. Nataka niwaeleze tulivyokosea, maana huenda kosa lilo hilo liko kanisani kwenu.

Aliyetufungua macho ni kijana anayeshughulikia vipaza sauti. Siku moja alimwamkia mzee nje ya kanisa, akamwuliza kwa upole kwa nini havai vifaa. Mzee akamjibu, "Mwanangu, kile kitu kinaniambia kila neno mara mbili. Nikishika la kwanza, la pili linakuja kulifuta."

Kijana hakucheka. Jumamosi iliyofuata alituita watu wachache kanisani. Akamwomba mzee asome akiwa hana kifaa. Akasoma vizuri kama zamani. Akamwomba avae. Kigugumizi kikarudi. Kisha kijana akanigeukia mimi, akasema, "Sasa wewe, katibu, vaa usome."

Nina masikio mazima, wapenzi, na nilikuwa nimejiandaa kuonyesha kwamba hakuna shida. Nilisoma maneno matano tu. Sauti yangu ilikuwa ikinirudia masikioni baada ya kutoka kinywani, na ulimi wangu ukagoma. Nikawa ninavuta na kurudia kama yeye. Niliona haya sana. Ugonjwa ambao tulikuwa tumempa mzee, mimi nami niliupata kwa kuvaa vitu viwili vidogo masikioni.

Baadaye nilipata kujua kwamba jambo hili linafahamika tangu zamani. Mwaka 1950 Bernard Lee huko Marekani aliandika matokeo ya majaribio yake: mtu mwenye afya akirudishiwa sauti yake mwenyewe ikiwa imechelewa, hupunguza mwendo, hurudia silabi na kugugumia. Kuchelewa kwa karibu sehemu moja ya tano ya sekunde ndiko kunakovuruga mno. Mtu anaposema, sikio humwongoza kama mchungaji anavyotangulia kundi. Sikio likichelewa, ulimi hupotea njia.

Sasa mtauliza, sauti ilichelewaje, na mawimbi ya redio hukimbia upesi kama mwanga? Swali hilo ni zuri.

Kwanza, fahamuni kwamba sauti yenyewe katika hewa ni msafiri wa miguu. Mwanga huenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, lakini sauti huenda karibu mita 343 tu. Ndiyo sababu ukimtazama mtu anayepasua kuni ng'ambo ya bonde, unaona shoka limeshuka, na mlio unakufikia baadaye. Tukigawa sekunde moja katika sehemu elfu moja, kila sehemu huitwa milisekunde. Sauti hutumia karibu milisekunde 3 kutembea mita moja. Mshiriki aliye mita 17 kutoka kwa mhubiri husikia neno milisekunde 50 baada ya kutamkwa. Hilo ni la asili, na ubongo umelizoea.

Pili, kifaa kisicho na waya hakichelewi njiani. Kinachelewa kwenye steji.

Mitambo ya FM ya analogi hupeleka sauti kama maji katika mfereji: yanaingia huku na kutoka kule bila kusimama. Mitambo mingi ya dijitali huchota sauti kwa debe. Huikata vipande vidogo, hupima kila kipande na kukigeuza kuwa tarakimu, huzibana tarakimu hizo zisichukue nafasi kubwa, huzifunga kama kifurushi na kuzituma. Simu inayopokea haifungui kifurushi papo hapo. Kwanza huweka akiba ya vifurushi kadhaa, ili kimoja kikipotea kitumwe kingine kabla msikilizaji hajasikia pengo. Ni kama matatu inayongoja abiria: haiondoki mpaka ijae. Faida yake ni kwamba sauti haikatikikatiki. Gharama yake ni muda.

Wapenda mpira wanalijua jambo hili. Jirani mwenye redio ya kawaida anapiga kelele, "Goli!" Wewe unayetazama kwa simu bado unaona mpira uko katikati ya uwanja.

Kila steji ina ngoja yake. Mtambo wa Wi-Fi unaweza kuchelewesha sauti kwa milisekunde 50, au 100, au zaidi, kutegemea mtandao na aina ya simu. Vipokea sauti vya Bluetooth ya kawaida, ile ya kusikilizia muziki, mara nyingi huongeza kati ya 100 na 300. Sisi tulikuwa tumempandisha mzee matatu mbili. Wi-Fi ilimleta mpaka kwenye simu, Bluetooth ikamchukua kutoka kwenye simu mpaka sikioni.

Kijana wetu alipima kwa njia rahisi. Alipiga kofi moja mbele ya kipaza sauti, huku simu nyingine ikirekodi karibu kabisa na kile kipokea sauti. Katika mchoro wa rekodi vikaonekana vilima viwili: kofi lililopita hewani, na lile lililopita katika mtambo. Kati yake kulikuwa na karibu milisekunde 200. Ni kama mtu kusimama mita 68 kutoka kwa mhubiri, yaani zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Tulidhani tumemleta mzee karibu na mimbari. Kwa ukubwa wa sauti tulimleta karibu, lakini kwa saa tulimpeleka nje ya ua.

Sasa tuje kwenye fumbo la mzee na mama. Kifaa ni kimoja, mbona mmoja anasifu na mwingine analia?

Jibu ni kwamba sauti ina milango miwili ya kuingilia. Mmoja ni kifaa. Mwingine ni hewa, yaani sauti ya mhubiri mwenyewe na ya spika za ukutani. Mama yetu masikio yake ni mazito sana, na mlango wa hewa kwake umefungwa. Husikia kifaa peke yake. Sauti ikichelewa, hana ya kuilinganisha nayo. Mzee bado anasikia kwa hewa, ijapokuwa kwa shida. Kwake milango yote miwili iko wazi, na kila neno linaingia mara mbili. Tena alikaa mbele, karibu na mhubiri na spika, mahali ambapo sauti ya hewa inafika mapema na kwa nguvu. Benchi alilochagua ili aelewe ndilo lililomletea vurugu kubwa kuliko yote.

Mwaka 1949 Helmut Haas, katika chuo kikuu cha Göttingen nchini Ujerumani, alichunguza jinsi sikio linavyopokea sauti moja ikifuatwa na nakala yake. Alionyesha kwamba nakala ikija nyuma kwa milisekunde chache, mpaka kama 30 hivi, ubongo huziunganisha, na mtu husikia sauti moja iliyokolea. Pengo likizidi, kwa maneno ya kusemwa karibu milisekunde 50 na kuendelea, ubongo hushindwa kuziunganisha. Hapo mwangwi huzaliwa. Silabi ya jana inakaa juu ya silabi ya leo.

Hata kuchelewa kidogo kuna madhara yake. Sauti mbili zikitofautiana kwa milisekunde chache tu, huchanganyika, na msemaji husikika kama anasemea ndani ya debe. Waundaji wa vifaa vya kusaidia kusikia wanalijua hilo, na kwa kawaida huzuia kifaa chenyewe kisichelewe zaidi ya milisekunde chache. Mwaka 1999 Michael Stone na Brian Moore wa Cambridge, Uingereza, walieleza kwamba kuchelewa kwa kadiri ya milisekunde 20 hadi 30 ndiko kunakoanza kumsumbua mtu asikiapo sauti yake mwenyewe.

Tusisahau macho. Mtu mwenye masikio mazito husikia kwa macho pia. Mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald walionyesha kwamba mtu akionyeshwa midomo inayotamka silabi moja huku akisikilizishwa nyingine, mara nyingi husikia silabi ya tatu isiyokuwapo. Midomo na sauti huamua neno kwa pamoja. Chama cha kimataifa cha mawasiliano, ITU, katika mwongozo wake wa 1998 juu ya televisheni, kilitaja kwamba watazamaji hutambua kasoro sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 au ikichelewa kwa 125. Tunavumilia zaidi sauti iliyochelewa kwa sababu ndivyo tulivyozoea duniani: shoka kwanza, mlio baadaye. Lakini mzee wetu, kwa milisekunde 200, alikuwa akiona neno hili na kusikia lile lililopita.

Na mama aliyesifu? Naye alikuwa na tatizo lake, ila hatukuliona. Katika mahubiri alikuwa salama. Katika nyimbo alichelewa. Wimbo ukienda kwa mapigo 100 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 600. Kuchelewa kwa 200 ni theluthi ya pigo. Alikuwa akifuata kinanda kwa uaminifu wote, kinanda kilichokwisha kupita. Waliokaa karibu naye walidhani hana sikio la muziki. Wengine walihama benchi.

Basi tufanye nini? Nitataja mambo machache ambayo kanisa lolote laweza kuyafanya.

La kwanza, ondoeni steji zisizo za lazima. Sisi tulimpa mzee vipokea sauti vya waya vya bei ndogo, vikachomekwa kwenye simu. Bluetooth ikatoka, na zaidi ya nusu ya ucheleweshaji ikatoka nayo. Hatukulipa fundi wala kununua mtambo mwingine.

La pili, angalieni mahali pa kukaa. Kama kifaa kinachelewa milisekunde 60 na hakuna spika karibu, mtu aliye mita 20 kutoka kwa mhubiri husikia hewa na kifaa karibu kwa wakati mmoja, kwa kuwa hewa nayo imechelewa. Aliye mbele kabisa hapati nafuu hiyo. Na kama ni lazima akae mbele aone midomo, apewe vipokea sauti vinavyofunika sikio vizuri, ili mlango wa hewa ufungwe kidogo.

La tatu, anayesema au kusoma kwenye kipaza sauti avue kifaa hicho kwanza. Hii iwe sheria mimbarini.

La nne, kabla ya harambee nyingine, ulizeni habari ya kuchelewa kama mnavyouliza bei. Kuna njia ambazo karibu hazichelewi kabisa. Mojawapo ni kitanzi cha waya kinachozungushwa ukumbini. Joseph Poliakoff alipata hataza yake Uingereza mwaka 1937. Waya huo hutoa nguvu ya sumaku, na koili ndogo iliyo ndani ya vifaa vingi vya kusaidia kusikia huipokea mara moja. Kasoro zake ni kwamba kifaa kisicho na koili hakipokei, na vyuma vingi ndani ya jengo huipunguza nguvu. Njia nyingine ni FM ya analogi yenye vipokezi vyake. Tena iko Bluetooth ya namna mpya iliyotangazwa mwaka 2020, na utaratibu wake wa kutangazia watu wengi pamoja, uitwao Auracast, uliopewa jina hilo mwaka 2022. Hiyo huchelewa kidogo kuliko Bluetooth ya zamani, ingawa bado huchelewa, kwa kawaida kwa makumi kadhaa ya milisekunde.

La tano ndilo kubwa. Msinunue bila masikio ya atakayevaa. Mwiteni akae kwenye benchi lake mwenyewe, spika zikiwa wazi, mtu akisoma mbele. Kisha mwulizeni swali moja: "Mzee, unasikia mara moja au mara mbili?" Sisi tulikuwa tumemwuliza, "Unasikia?" Akajibu, "Nasikia." Alisema kweli. Swali letu ndilo lililokuwa na upungufu.

Wapenzi wasikilizaji, Shirika la Afya Duniani lilisema katika ripoti yake ya 2021 kwamba watu zaidi ya milioni 430 duniani wanahitaji msaada kwa sababu ya kupungukiwa na uwezo wa kusikia. Wengine wao wako mabenchini mwetu. Wakikataa msaada wetu, tusikimbilie kusema wana kiburi au wamezeeka akili. Pengine msaada wenyewe ndio uliochelewa njiani.

Marko katika sura ya saba anatuambia habari za mtu aliyekuwa kiziwi na mwenye utasi. Yesu alimtoa kwanza katika mkutano, wakawa wawili faraghani. Alishughulika naye peke yake kabla ya jambo lingine lolote. Sisi tulifanya kinyume. Tulimpa mzee wetu kifaa mbele ya watu, tukamwondolea kazi yake kisirisiri.

Kwa hiyo ilitubidi tumwombe radhi, na tulimwomba mbele ya wote, siku ya Jumapili, ili waliodhani amepatwa na kiharusi wajue ukweli. Jina lake likarudi ubaoni. Zamu yake ilipofika alisimama kwenye benchi lake, akavua vile vipokea sauti vya waya, akavikunja na kuvitia mfukoni mwa koti. Akapanda mimbarini. Akasoma sura nzima, polepole, kwa sauti iliyojaa, na watoto wakatulia.

Aliposhuka, mama yule alimpisha akapita. Naye siku hiyo alikuwa na waya masikioni, na wimbo uliofuata aliufikia karibu sana na sisi wengine.

Wiki hii, mpenzi msikilizaji, mtafute mmoja katika kanisa lako aliyeacha kuimba, au aliyeacha kusoma, au aliyeviweka vifaa vyake kabatini. Kaa karibu naye, umtazame usoni asome midomo yako, umwulize lile swali. Kisha ungoje jibu lake mpaka mwisho.

Bwana awabariki. Kwaherini.